Kiti cha Mhusika

Siku ambayo binti wa mume wangu alisimama mbele ya watu kueleza jinsi mama wa kambo walivyo wabaya dunia nzima, mimi ndiye niliyeshika kengele.

Si utani. Nafundisha fasihi kidato cha mwisho, na mtihani wetu wa mdomo una utaratibu wake. Kila mwanafunzi anachagua dhamira moja, kisha anatafuta ngano tatu za watu wa pembe tatu za dunia, watu ambao hawajawahi hata kupeana salamu, na anatuonyesha zinavyofanana. Akimaliza anakaa kwenye kiti. Ni kiti cha mbao tu, kimoja kati ya vile vya darasani, ila akishakikalia yeye si mwanafunzi tena. Ni mhusika wa ngano. Anasema "mimi", anaulizwa maswali, anajibu. Akijisahau akasema "yeye", anapoteza alama. Anayemchagulia mhusika ni mtahini wa nje, ambaye hajawahi kumwona. Wazazi wanakaribishwa, wanakaa nyuma na kunyamaza. Mwalimu wa somo naye kazi yake ni kuangalia saa na kupiga kengele. Haruhusiwi kutamka neno. Akitamka, hata liwe "pole mwanangu", mtihani wa mtoto unafutwa.

Kwa mwanamke mwenye mdomo kama wangu, hiyo ni adhabu hata siku ya kawaida. Siku ile ilikuwa mateso.

Maana chini ya dirisha la darasa lilikuwa limeegeshwa gari la wifi yangu, dada wa mume wangu, na ndani ya gari hilo kulikuwa na nguo zote za binti, vitabu vyake, mto wake na hata feni ndogo ya mezani. Akitoka kwenye kiti kile alikuwa anapanda gari na kuhamia kwa shangazi yake. Kwangu hakuwa anarudi tena.

Alitutangazia mezani mwanzoni mwa mwezi. Hakuniambia mimi, alimwambia baba yake. "Nikimaliza mtihani wa mdomo nahamia kwa Shangazi. Ule wa kuandika nitakuja kuufanya nikitokea huko." Baba yake akaitazama sahani yake. Mimi nikauliza, "Kwa nini, mama?" Akanigeukia kwa adabu zote na kusema, "Mwalimu, naomba chumvi."

Mwalimu. Ndivyo anavyoniita. Shuleni, nyumbani, jikoni, hata siku aliyougua homa nikamkanda na kitambaa mpaka asubuhi, alifumbua macho na kusema, "Asante, Mwalimu." Wenzake darasani wanamwita Jaji, kwa sababu hakubali jambo bila ushahidi, na akishakata shauri hata mkuu wa shule hamgeuzi. Kuhusu mimi alikuwa ameshakata shauri zamani.

Niliolewa na baba yake akiwa darasa la tano. Mama yake mzazi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kabla sijaja, kila likizo mtoto alikuwa anapelekwa kwa bibi yake mzaa mama, mji wa mbali kidogo, safari ya basi ya asubuhi hadi mchana. Likizo ya kwanza baada ya harusi nilimwambia mume wangu tumfungashie mtoto aende kwa bibi. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mwenyewe hataki," akasema. "Akifika kule anamkumbuka mama yake, analia siku nzima. Tusimlazimishe. Wala usimtajie, utamtonesha." Nami bibi harusi mpya nikajiona nimeopoa mume mwenye huruma. Sikumtajia. Mwaka jana bibi akaugua, akalazwa, akafa. Mume wangu akaenda kuzika peke yake. Mtoto hataki, aliniambia, na ana mitihani. Kuanzia wiki ile Jaji akawa anakula kwangu kama mgeni wa hotelini: anashukuru, anaosha sahani yake, anaenda kujifungia. Nilidhani ni majonzi. Nilijua analia, nilikuwa namsikia, na niliogopa kubisha mlango.

Nampenda yule mtoto. Nalisema hapa wazi kwa kuwa siku ile sikuruhusiwa kulisema.

Basi, dhamira aliyochagua ilikuwa ya mama wa kambo. Asingeweza kuchagua njaa au usaliti au safari kama wenzake, la hasha. Nilimsikia akijiandaa chumbani, mlango umefungwa, akikalia kitanda badala ya kiti na kujifanya mama wa kambo anayehojiwa. Na sauti aliyompa ilikuwa yangu. Yangu kabisa! "Nani ameacha taa inawaka? Umeme huo analipa nani, shangazi yako?" Alinipatia hadi pale ninapovuta pumzi kabla ya kugomba. Nilisimama kwenye ujia na kapu la nguo chafu, nikacheka bila kutaka, halafu nikaenda bafuni nikalia.

Kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani kwangu, sikuruhusiwa hata kuuona utungo wake. Mkuu wa shule alimweleza mtahini kwamba mwalimu na mtahiniwa wana undugu, basi. Mtahini alikuwa mama mmoja anayekaribia kustaafu, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na sauti ya chini kiasi kwamba kila mtu alilazimika kutulia ili amsikie. Nilimwogopa tangu aliponipa mkono.

Mume wangu alikaa safu ya nyuma na dada yake. Mume wangu ni mpima ardhi, mtu wa kofia na viatu vya vumbi, mpole, kipenzi cha majirani. Hajawahi kunipandishia sauti. Wenzangu shuleni wananionea wivu. Aliniinulia mkono kidogo, nami nikamwinulia kengele.

Jaji akasimama. Alikuwa amesuka nywele upya na kupiga pasi sketi mpaka inakatika. Akabandika ubaoni jedwali la idara, lile tulilolikuta wote tulipoajiriwa, lenye safu nne: Mtoto, Mama wa Kambo, Msaidizi, Mwisho. Kila mwanafunzi wa dhamira hii hulijaza hilo. Nimefundishia jedwali hilo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote.

"Ngano ya kwanza," akaanza, "inatoka nchi za theluji." Moto umezimika ndani ya nyumba. Mama wa kambo anamtuma mtoto avuke ziwa lililoganda, akaombe makaa kwa jirani, ayalete kwenye kikapu cha nyasi. Kikapu kinaungua njiani. Kunguru anambebea kaa moja mdomoni. Mwisho mama wa kambo anavuka mwenyewe na barafu inampasukia.

Ngano ya pili ni ya milimani, kwa wafuga kondoo. Mtoto analazwa zizini ahesabu pumzi za kondoo mpaka kuche, na akikosea hesabu hali. Kondoo mzee anamfundisha kupumua nao pamoja. Mama wa kambo anageuka jiwe la kulambwa na mifugo. Hapo wazazi walicheka, na wifi yangu alicheka kuliko wote, tena akinitazama.

Ngano ya tatu ni ya jangwani. Kila wageni wakija hemani, mtoto anafunikwa ngozi na kuwekwa pamoja na mizigo, asionekane. Siku moja ngamia wa mgeni anagoma kuinuka mpaka mgeni akague mizigo yote. Mtoto anapatikana, na msafara unamwacha mama wa kambo peke yake mchangani.

"Watu hawa hawakujuana," Jaji akasema, na sauti yake haikutetereka hata kidogo. "Hawana lugha moja, wala dini moja, wala hali ya hewa moja. Wengine hawajui mchanga, wengine hawajui barafu. Lakini wote wamemwona mwanamke huyu mmoja. Mimi nasema hivi: jambo likishuhudiwa na mashahidi watatu ambao hawakupanga maneno, jambo hilo ni kweli."

Makofi. Nilihisi uso unaniwaka. Wazazi kadhaa wanaonifahamu walinitupia jicho la haraka na kuangalia pembeni. Nikakazana kuitazama saa.

Mtahini akavaa miwani. Alilitazama jedwali kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Umesoma vizuri," akasema. "Sasa nisaidie. Mtoto huyu wa ngano zote tatu amezaliwa na nani?"

"Na mama aliyefariki," Jaji akajibu. "Na baba."

"Baba yuko safu ipi?"

Jaji akageuka ubaoni kana kwamba safu ile ilikuwepo asubuhi na mtu ameiiba. Nami niligeuka. Miaka yote ile! Nimelichora jedwali lile kwa chaki, nimelipiga chapa, nimelisahihisha kwa wino mwekundu, na sijawahi kuuliza.

"Hana safu," Jaji akasema.

"Basi kaa kitini. Wewe ni baba."

Nilimwona akipoteza rangi. Alikuwa amejiandaa kuwa mimi. Maswali yote ya mama wa kambo alikuwa nayo kichwani, majibu yako tayari, sauti iko tayari. Akaenda kwenye kiti taratibu, akakaa, akaweka mikono magotini kama mtu mzima wa kiume.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni baba."

"Siku mtoto wako alipovuka ziwa la barafu, ulikuwa wapi?"

Jaji akafikiri. "Nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimechoka na kazi."

"Na siku ya zizi?"

"Nilikuwa nimeenda sokoni kuuza sufu. Mtu lazima atafute."

Akina mama wa safu ya nyuma wakaguna wakicheka. Mmoja akasema kwa kunong'ona, "Wote ndivyo wanavyosema," na mkuu wa shule akamkata jicho.

"Tuje jangwani," mtahini akasema. "Pale hukulala wala hukusafiri. Ulikuwa umekaa na wageni. Mtoto alikuwa umbali gani na wewe?"

"Karibu. Ningenyoosha mkono ningemgusa."

"Mbona hukumfunua?"

"Mimi ningemfunua. Ila mke wangu hakutaka." Na hapo akafanya jambo ambalo nadhani hakulipanga. Alikuwa amebanwa, na mtu akibanwa hushika kilicho karibu. Akainamisha kichwa upande mmoja, akalegeza mabega, sauti ikamshuka, ikawa ya upole, ya mtu anayekuonea huruma na kujionea huruma pamoja. "Mwanangu, unamjua mama yako huyu alivyo. Mimi mwenyewe ningekupeleka kwa bibi yako hata leo. Yeye ndiye hataki. Tumvumilie tu, tusilete maneno ndani ya nyumba."

Hakuna bibi katika ngano hata moja kati ya zile tatu. Ila sauti ile naijua. Nalala nayo.

Kengele ilitaka kuniponyoka. Nikaishika kwa mikono yote miwili, kwa ulimi wake, isilie. Kwa hiyo ndivyo alivyoambiwa! Likizo zote zile. Na bibi alipolazwa hospitalini, bila shaka mtoto aliambiwa mimi nimekataa. Nilitaka kupiga ukelele ule wa kuita majirani. Nilitaka kusema maneno mawili tu, "sikukataa mimi," na maneno hayo mawili yangefuta mtihani wake na kumnyima chuo. Nikauma ulimi. Siyo kwa maneno, niliuma kweli, nikasikia ladha ya damu. Nikamtazama mume wangu kule nyuma. Alikuwa anachunguza kofia yake.

"Bibi?" mtahini akauliza, akipekua karatasi zake. "Simwoni bibi hapa."

"Samahani. Nimechanganya."

"Si neno. Turudi kwenye ngozi. Unasema mke wako hakutaka mtoto aonekane. Nisomee mstari ambao mke wako anasema hivyo."

Mhusika anaruhusiwa kushika kitabu. Jaji akafungua, akapitisha kidole, akasoma kwa sauti: "Baba akamwambia mtoto, 'Jifunike, mwanangu, mama yako hataki wageni wakuone.'"

"Maneno hayo yametoka kinywani mwa nani?"

"Mwangu."

"Na kwenye jedwali yameandikwa safu ya nani?"

Jaji akainua macho. Akatazama ubao, akatazama kitabu, akatazama ubao. "Ya mama wa kambo."

"Yeye mwenyewe anasema wapi?"

Akafunua ukurasa mwingine, akarudi, akafunua tena. Huyu ni mtoto ambaye hakubali jambo bila ushahidi. Nilimwona akiutafuta, kwanza haraka, kisha polepole, kisha kidole kikasimama. Wakati huo hakuwa tena anaisoma ngano ya jangwani, na mimi na yeye na mtu mmoja safu ya nyuma tulilijua hilo.

"Hasemi," akasema.

"Ulimwuliza lini, baba, kama hataki? Mlikuwa wapi? Alikujibu nini?"

Nje kuna mtu alikuwa anaburuta dawati kwenye sakafu ya saruji.

"Sikumwuliza," Jaji akasema. Halafu akageuza shingo, akamtafuta baba yake kati ya wazazi mpaka akampata. "Hakumwuliza," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anasema mke wake hataki. Hakumwuliza."

Alikuwa amesema "yeye". Mtahini aliinamisha kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi. Nikaangalia saa. Muda ulikuwa umekwisha. Nikapiga kengele, na mlio ule unanikera masikioni mpaka leo.

Utaratibu ni kwamba mtahiniwa anabaki ndani alama zikijumlishwa, na sisi wengine tunatoka. Nilitangulia kutoka mimi, nikasimama ujiani karibu na makabati ya viatu vya michezo. Mume wangu akanifuata. Dada yake alibaki mlangoni akizungumza na mkuu wa shule.

"Ni kweli?" nikamwuliza. "Ulimwambia mimi nilikataa?"

"Punguza sauti," akasema kwa upole uleule.

"Nimenyamaza kutosha leo. Ni kweli?"

Akaizungusha kofia mikononi. "Yule mama alikuwa hanitazami usoni. Tangu mwanawe afe, na mimi nikaoa mapema vile. Kila nikimpeleka mtoto ilikuwa lazima nikae pale sebuleni, ninywe chai yake, aniangalie. Sikuweza. Ningemwambiaje mtoto kwamba baba yake anamwogopa bibi yake?"

"Ukaona umwambie mimi ndiye mchawi."

"Ilikuwa likizo moja tu. Halafu ikaja nyingine." Akanishika kiwiko. Nitasema kitu ambacho kinaniuma: hata wakati ule mkono wake ulinituliza kidogo. "Nisikilize. Atatoka sasa hivi, atakuuliza. Mwambie ni kweli ulikataa. Mwambie ulikuwa mgeni kwenye familia, ulikuwa na wivu, umejuta. Atakusikia."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Wewe ameshazoea kukuchukia," akasema. "Hakitaongezeka kitu. Mimi akinichukia, nimebaki na nini? Mimi ndiye baba yake. Nakuomba, mke wangu. Hili tu nakuomba, sijawahi kukuomba kitu."

Na ukweli ni kwamba hakuwa amewahi. Hakuniomba kitu wala hakuniuliza kitu, alikuwa anaamua kwa upole na kuniletea jibu. Nilimtazama yule mtu niliyemfulia mashati, nikaona hasira inanipanda, na pamoja na hasira, aibu, maana kwa nukta chache niliifikiria ile ofa. Mtoto anaondoka kwa vyovyote, nilijiambia. Gari limeshapakiwa. Ningesema ndiyo, angeondoka na chuki aliyoizoea, na mimi ningebaki na mume. Ni hesabu rahisi.

Mlango ukafunguliwa. Jaji akatoka. Macho yake hayakuwa na machozi bado. Shangazi yake akamkumbatia, "Hongera, umewamaliza, twende zetu," naye akajitoa mikononi mwake, akaja mpaka tulipo. Akasimama mbele yangu. Ananizidi urefu siku hizi.

"Mwalimu. Ulikataa nisiende kwa Bibi?"

Mume wangu akanibinya kiwiko. Si kwa nguvu.

"Sikuulizwa," nikasema. "Niliambiwa wewe ndiye hutaki. Kwamba ukifika kule unalia."

"Mimi?"

"Wewe."

"Hata alipolazwa?"

"Hata alipolazwa. Niliambiwa hutaki kumwona akiwa vile."

Akakaa kwenye benchi la ujiani ghafla, kama aliyekatwa miguu, na ndipo machozi yakaja, na hayakuwa ya kimyakimya kama yale ya chumbani. Alilia kama mtoto mdogo, pua na kila kitu. Nikakaa pembeni yake. Sikumgusa, niliogopa.

"Na wewe hukuniuliza," akaniambia katikati ya kwikwi. "Miaka yote hiyo tunakaa nyumba moja. Hukuniuliza hata siku moja."

"Sikukuuliza," nikasema. "Hilo ni langu."

Wifi yangu alikuwa amesimama, mkoba begani, akimtazama kaka yake. Ni mwanamke wa maneno mengi, anauza vitambaa, anaweza kumuuzia mtu shuka ambalo tayari analo. Safari hii aliongea kidogo. "Kaka. Na mimi uliniambia ni huyu. Ndiyo maana nimekuja na gari."

"Nilikuwa nataka nyumba iwe na amani," mume wangu akasema.

Jaji akajifuta uso kwa mkono wa shati, akavuta pumzi. Akaanza kufikiri, nilimwona, ile sura yake ya kukata shauri ikamrudia kidogokidogo.

"Shangazi, siji kwako," akasema. "Kwako atakuwa anakuja kila Jumapili, na wewe utamwandalia chakula, ni kaka yako. Nyumba tunayokaa ni ya nani?"

"Ya shule," nikasema. "Nimepewa mimi kwa kazi."

"Basi mimi nabaki pale na huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Na Baba aende na Shangazi. Sitaki kulala naye nyumba moja, sio sasa."

"Mwanangu," mume wangu akaanza.

"Usiniite." Kisha akanigeukia mimi, na jicho kali. "Na wewe usinikumbatie. Bado nimekasirika. Nina maswali mengi sana."

"Uliza yote," nikasema.

Tukashuka ngazi wote wanne. Chini, wifi yangu alifungua gari, na Jaji akaanza kushusha vitu vyake na kuvipanga kwenye nyasi, vitabu kwanza. Wanafunzi walikuwa wanapita wakitupisha. Mume wangu alisimama kando ya mlango wa mbele wa gari, kofia mkononi, akisubiri mtu amwambie kwamba huu ni mchezo wa hasira na utaisha. Alimtazama dada yake, na dada yake akawa anatafuta funguo mkobani huku anazo mkononi. Alimtazama binti yake, akaona mgongo. Mwisho akanigeukia mimi. Nilimwona amezeeka, na nilimpenda, na nilijua kwamba neno moja langu lingemrudisha nyumbani jioni ile, maana mtoto asingenibishia siku hiyo.

"Na wewe?" akaniuliza. "Wewe unasemaje?"

Tangu anioe, ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza nasemaje. Alisubiri jibu kwa dhati, macho yamemtoka.

"Panda gari," nikamwambia.